Mwongozo Kamili wa Kuandika Maoni ya Kila Wiki Kuhusu Anime Inayoendelea Kurushwa

Kuandika maoni ya kila wiki juu ya anime, yaani katuni za Kijapani, ni kazi tofauti kabisa na kuhakiki anime iliyokwisha. Anayehakiki anime iliyokwisha anajua nani atakufa, nani ni msaliti, na ahadi ipi ya mtunzi ilitimizwa. Anayeandika kila wiki hajui, na kutojua huko ndiko kunakoyapa maandishi yake thamani. Baada ya miaka miwili mtu yeyote ataweza kusema kwamba mwisho ulikuwa mzuri au mbovu, lakini hakuna atakayeweza kurudi nyuma na kueleza mtazamaji alikuwa akiwaza nini pale episodi ya tano ilipoishia patamu na ya sita ikawa bado siku saba mbele. Hatua zinazofuata zote zinalinda jambo hilo moja: kuandika ulichokiona kwa ujuzi ulio nao siku hiyo, kabla wiki mpya haijaja kukufunika.

Hatua ya kwanza: ijue kalenda

Mwaka wa anime za televisheni nchini Japani una misimu minne, inayoanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kipindi kimoja cha miezi mitatu huitwa kuuru, na kwa kawaida hubeba episodi 11 hadi 13. Anime nyingi hukaa kuuru moja tu. Nyingine huchukua mbili mfululizo. Nyingine hukatwa katikati, watazamaji wakasubiri miezi kadhaa kabla ya nusu ya pili kuletwa. Tafuta mapema habari ya idadi ya episodi zilizotangazwa na uiandike juu ya daftari lako, kwa sababu episodi ya sita katika hadithi ya episodi 12 ni katikati ya safari, ilhali katika hadithi ya episodi 24 ni robo yake tu. Mwandishi anayelalamika kwamba hadithi inajivuta bila kuuangalia urefu wake huishia kuulalamikia utangulizi.

Pamoja na hilo, jifunze kusoma saa za vituo vya Japani. Anime nyingi hurushwa usiku wa manane, na ratiba huandikwa kwa saa zinazovuka 24, kwa hiyo ukikuta 25:30 ya Ijumaa, hiyo ni saa saba na nusu ya usiku wa kuamkia Jumamosi. Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita, maana yake Nairobi, Kampala na Dar es Salaam bado ni Ijumaa, saa moja na nusu jioni. Sousou no Frieren, ambayo nitaitumia kama mfano mkuu katika mwongozo huu, ilikuwa ikirushwa Ijumaa saa tano usiku kwa saa za huko. Aliyeko Dar es Salaam alihesabu saa kumi na moja jioni, aliyeko Lubumbashi saa kumi, aliyeko Muscat saa kumi na mbili. Jukwaa halali unalotazamia linaweza kuiweka episodi dakika au saa kadhaa baada ya televisheni, nawe panga wiki yako kwa kufuata saa ya jukwaa hilo.

Hatua ya pili: chagua chache, na utangaze ulizochagua

Kila msimu huleta makumi ya anime mpya. Anayeanza kazi hii huchukua kumi kwa shauku, na ifikapo wiki ya nne maandishi yake yamekuwa sentensi mbilimbili zinazofanana. Ushauri wangu ni anime tatu, nne zikizidi sana, na miongoni mwao iwepo moja ambayo una shaka nayo. Ukiandika juu ya vitu unavyovipenda tu, lugha ya sifa hukuishia haraka kuliko unavyodhani.

Mashabiki wana kanuni ya kuipa kila anime episodi tatu kabla ya kuiacha. Nguvu ya kanuni hiyo hutolewa ushahidi na Puella Magi Madoka Magica ya mwaka 2011, ambayo episodi yake ya tatu iligeuza kabisa aina ya hadithi ambayo watazamaji walidhani wanaifuata. Ni kanuni nzuri, ila isitumiwe kwa upofu. Frieren ilianza tarehe 29 Septemba 2023 kwa kurusha episodi nne usiku mmoja, katika kipindi maalumu cha saa mbili. Oshi no Ko, mwezi Aprili mwaka huohuo, ilifungua kwa episodi moja ya dakika 90. Kwa hali kama hizo idadi ya episodi haikwambii kitu, na ni afadhali uangalie kama hadithi imekwisha kukuonyesha mhusika anataka nini na kinachomzuia ni nini. Ukiamua kuiacha anime, andika aya moja ya kusema hivyo na sababu yake. Wasomaji husamehe uamuzi. Kinachowaudhi ni kutelekezwa kimyakimya.

Hatua ya tatu: tazama mara mbili

Episodi ya kawaida ina dakika zipatazo 24, na wimbo wa kufungulia na wa kufungia huchukua takriban dakika moja na nusu kila mmoja, kwa hiyo hadithi yenyewe ni kama dakika 21. Kutazama mara mbili hakufikii saa nzima. Mara ya kwanza weka simu mbali, usiandike chochote, kaa kama mtazamaji mwingine yeyote. Mara tu inapokwisha, kabla hujafungua maoni ya mtu mwingine, andika sentensi tatu: ulihisi nini, ulishangazwa wapi, na unadhani nini kitafuata. Sentensi hizo tatu ndizo mali yako. Ukiruka hatua hii na kwenda kusoma wengine wanasema nini, utarudi na maoni ya kuazima na hutajua ni wapi yako yaliishia.

Mara ya pili tazama ukiwa na kalamu, na kila unachokiandika kitanguliwe na dakika na sekunde yake. Gawa ukurasa sehemu mbili, kwa kuwa episodi nyingi zimejengwa kwa nusu mbili zinazotenganishwa na picha fupi ya nembo pale matangazo yanapoingia, na waandishi wa hati huutumia mkato huo: nusu ya kwanza huuliza, nusu ya pili hujibu au hukwepa kujibu. Angalia kamera imekaa wapi katika mazungumzo muhimu, muziki umeingia au umenyamaza wakati gani, na mhusika yupi amekaa kimya ilhali ungetarajia aseme. Usijaribu kuandika kila tukio. Ukurasa mmoja unatosha, na ukiona unaelekea wa pili, unaandika muhtasari.

Angalizo kuhusu lugha: wengi wetu tunatazama kwa maandishi ya tafsiri ya Kiingereza. Unaponukuu kauli ya mhusika kwa Kiswahili unatafsiri tafsiri, kwa hiyo usijenge hoja nzima juu ya neno moja. Jenga juu ya alichokifanya mhusika, jinsi sauti ilivyotolewa na mahali picha ilipokatwa.

Hatua ya nne: soma orodha ya watengenezaji

Hapa ndipo maoni ya mwandishi makini yanapoachana na ya shabiki wa kawaida. Mfululizo wa anime huwa na mwongozaji mkuu, lakini kila episodi ina kikosi chake, na majina yao hupita mwishoni huku watu wengi wakiwa wamekwisha bonyeza kuendelea mbele. Huhitaji kujua Kijapani ili uanze. Zitambue alama tano tu. 脚本 ni aliyeandika hati. 絵コンテ ni aliyechora mpangilio wa picha, yaani aliyeamua kila tukio litaonekana kutoka upande gani na kwa muda gani. 演出 ni mwongozaji wa episodi hiyo. 作画監督 ni msimamizi wa michoro, ambaye husahihisha nyuso na miili ili ilingane kutoka mkono mmoja hadi mwingine. 原画 ni wachoraji wa michoro mikuu ya mjongeo.

Piga picha ya orodha kila wiki na uihifadhi. Kufikia wiki ya sita utaanza kuona mambo. Jina moja likitokea penye 絵コンテ na 演出 kwa pamoja, episodi hiyo imepita katika macho ya mtu mmoja zaidi kuliko kawaida, na mara nyingi huwa na sura yake ya pekee. Wasimamizi wa michoro wakiwa wengi mno kwa episodi isiyo na mapigano makubwa, mara nyingi hiyo ni dalili ya kazi iliyokuwa ikikimbizana na muda. Katika mfululizo mrefu kama One Piece, ambao umekuwa hewani tangu Oktoba 1999, uzito wa mtu mmoja huonekana wazi zaidi: episodi ya 1015, iliyorushwa tarehe 24 Aprili 2022 chini ya uongozi wa Megumi Ishitani, ilijadiliwa na mashabiki karibu kama filamu inayojitegemea, ingawa ilikuwa episodi moja tu ya Jumapili katikati ya vita virefu.

Ujuzi huu pia utakuepusha na usemi uliochosha masikio, kwamba michoro ikiharibika basi "bajeti imeisha". Kwa kawaida fedha za mfululizo hupangwa mapema na kamati ya wawekezaji. Kinachopungua katikati ya msimu mara nyingi ni muda, na wachoraji wenye nafasi. Uzumaki ya mwaka 2024 ni mfano mkali. Ilikuwa na episodi nne tu, ya kwanza ikasifiwa mno kwa mjongeo wake wa rangi nyeusi na nyeupe, na ya pili ikashuka kiasi kwamba hata asiyejua lolote la michoro aliliona. Aliyesoma orodha ya watengenezaji aliona kwamba jina la mwongozaji halikuwa lile la wiki iliyotangulia, na akawa na jambo la maana la kuandika wakati wengine wakitukana.

Hatua ya tano: andika

Maneno 300 hadi 500 kwa episodi yanatosha. Usianze kwa kusimulia kilichotokea; msomaji wako ametazama, na kama hajatazama, muhtasari wako hautampa alichokosa. Anza na jambo moja ambalo episodi ilifanya, ulihukumu, kisha ulete ushahidi.

Nichukue episodi ya kumi ya Frieren, ya tarehe 10 Novemba 2023, ambamo Frieren, mchawi anayesafiri na vijana Fern na Stark, anakabiliana na pepo Aura, mwenye mizani inayopima nguvu za kichawi za watu wawili na kumfanya mwenye nguvu ndogo awe mtumwa wa mwenye nguvu kubwa. Maoni ya haraka yangesomeka hivi:

"Episodi kali sana. Frieren amemmaliza Aura kibabe. Michoro mizuri, muziki mzuri, nasubiri wiki ijayo kwa hamu."

Hakuna uongo hapo, lakini aya hiyo ingeweza kubandikwa kwenye anime yoyote kwa kubadilisha majina mawili. Sasa linganisha na hii:

"Wiki iliyopita Fern na Stark walipigana kufa na kupona, kwa hiyo nilitarajia leo iwe zamu ya Frieren kurusha uchawi mfululizo. Badala yake muda mwingi umetumika kuturudisha kwa Flamme, mwalimu aliyemfundisha kuficha nguvu zake maisha yake yote. Mizani inapoinamia upande wa Frieren, pambano limekwisha bila kuanza, na amri moja fupi inatosha kulifunga. Uamuzi wa kutumia dakika nyingi kwa sababu na chache kwa tokeo umenivutia. Maelezo yaliyotolewa, kwamba pepo anayejivunia nguvu zake hawezi hata kuwazia mtu kuzificha, yamenishawishi nusu tu: Aura ameishi zaidi ya miaka 500, na katika muda huo wote hakukutana na mdanganyifu mmoja?"

Aya ya pili inataja matarajio ya wiki iliyopita, inaonyesha jinsi muda wa episodi ulivyogawanywa, inatoa hukumu, na inaacha shaka moja wazi. Shaka hiyo ina kazi. Episodi zinazofuata zitaijibu au zitaipuuza, na kwa vyovyote vile utakuwa na pa kuanzia. Jizoeze kufunga kila andiko kwa swali moja mahususi au utabiri mmoja unaoweza kuthibitika kuwa si kweli. "Mambo yatazidi kunoga" si utabiri.

Kuhusu alama za kumi kwa kumi, mimi siziungi mkono kwa episodi mojamoja. Mwandishi anayetoa nane wiki ya pili hujikuta akitoa nane na nusu wiki ya tatu kwa sababu tu ya tatu ilimchangamsha zaidi, na kufikia wiki ya tisa namba zimekosa maana. Anayeona lazima azitoe, atumie ngazi tatu: imepanda, imebaki palepale, imeshuka.

Andika rasimu siku ileile, ilale usiku mmoja, uihariri asubuhi. Ukifika siku ya nne bila kuandika, afadhali andiko fupi la aya mbili kuliko kungoja episodi inayofuata na kuziunganisha, kwani ukishaitazama ya pili, ya kwanza huwezi tena kuiona kama ilivyokuwa.

Hatua ya sita: linda uhondo wa wengine

Anime nyingi zimetokana na manga (vitabu vya hadithi za picha vya Kijapani) au riwaya ambazo tayari ziko mbele ya hadithi inayorushwa. Kama umeisoma manga, sema hivyo mwanzoni mwa msimu, kisha jifunge mdomo. Wanaoharibu uhondo si wale tu wanaotaja nani anakufa. Kauli kama "subirini muone huyu mhusika" au "msimpende sana huyu" humpa msomaji jibu lote. Kulinganisha na manga kunaruhusiwa kwa sehemu iliyokwisha kurushwa pekee: tukio gani limeongezwa, lipi limekatwa, na mabadiliko hayo yamefanya nini kwa hadithi. Kichwa cha habari na picha ya kwanza visifichue tukio kubwa la wiki hiyo, kwani hivyo huonwa hata na ambao hawakukusudia kukusoma. Na palipo na damu nyingi, kujiua au unyanyasaji, ongeza sentensi moja ya tahadhari, kwa kuwa wapo wanaotazama sebuleni pamoja na wadogo zao.

Hatua ya saba: wiki zisizo za kawaida

Kila msimu una wiki ambayo mpango huvurugika. Episodi ya kukumbushia yaliyopita, inayoshona vipande vya zamani, usiihakiki kama episodi; itumie kupitia tabiri zako na kusema zipi zimekwenda kombo. Episodi ikiahirishwa, eleza sababu iliyotangazwa rasmi na uishie hapo. Tetemeko la ardhi la tarehe 11 Machi 2011 lilisimamisha Madoka Magica ikiwa ukingoni mwa mwisho wake, na episodi za mwisho zilirushwa tarehe 21 Aprili. Walioandika nadharia zao katika wiki zile za kungoja walituachia picha ya kile watazamaji walichokuwa nacho mkononi kabla ya jibu.

Wiki ngumu kuliko zote ni ile ambayo hakuna kipya. Kati ya Juni na Agosti 2009, The Melancholy of Haruhi Suzumiya ilirusha episodi nane mfululizo zenye hadithi ileile ya wahusika waliokwama katika siku za mwisho za likizo, siku ambazo zimejirudia zaidi ya mara 15,000. Studio ya Kyoto Animation ilizichora upya zote nane, kwa mavazi na pembe tofauti za kamera, na waigizaji wakarekodi sauti zao upya kila mara. Anayezitazama leo anaweza kuruka kutoka ya pili hadi ya nane. Aliyekuwa akiandika kila wiki hakuwa na njia ya kuruka: katika wiki ya tano alilazimika ama kuandika hasira yake, ama kuanza kuangalia kwa karibu nguo, anga, na jinsi sentensi ileile ilivyosemwa kwa uchovu mpya. Vyote viwili ni maoni halali. Ukikutana na wiki kama hiyo, chagua kitu kimoja kidogo, kama vile namna mlango unavyofunguliwa katika matukio mawili, ukiandikie aya nzima.

Hatua ya nane: kufunga msimu

Kabla ya kuandika juu ya episodi ya mwisho, soma maandishi yako yote tangu wiki ya kwanza, kwa mpangilio. Makosa ya ukweli, kama jina la mwongozaji au tarehe, yasahihishe na uweke tarehe ya sahihisho. Maoni usiyaguse. Kama wiki ya tatu ulimwita mhusika fulani mnafiki na sasa unaona alikuwa mwaminifu kuliko wote, liandike hilo katika andiko la mwisho na uliache la wiki ya tatu lilivyo, kwa maana huenda mtunzi alikusudia umwone hivyo wakati ule.

Kisha tengeneza ukurasa mmoja wa akiba: maswali ambayo hayakujibiwa, majina ya waongozaji wa episodi zilizokuvutia, na tabiri zilizobaki wazi. Msimu wa kwanza wa Frieren, wenye episodi 28, ulikwisha Machi 2024, na wa pili ukaanza Januari 2026. Aliyekuwa na ukurasa kama huo aliusoma kwa dakika kumi, akapitia maandishi yake matatu ya mwisho, na akaingia episodi ya kwanza ya msimu mpya akijua hasa anasubiri kujibiwa nini.